Tumbo la Amuri

Kisangani, 10 Juni 1960

Kwa mdogo wangu Aziza, mke wa karani wa Yangambi,

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha nakusalimu wewe, na mume wako Yakubu, na kipenzi changu Amuri, na kuku wenu wote, maana nao ni watu wa nyumbani. Huku tu wazima. Bati la upande wa kisima lilikuwa linavuja, fundi amelitengeneza. Wanafunzi wangu wa chuo cha Kur'ani wamefika kumi na saba, wawili kati yao bado wanalala wakifika kwenye Alif. Mjini hakuna habari ila uhuru. Kila kijana ana kadi ya chama, na kila mzee ana maoni.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, kama marehemu baba alivyotufundisha, ili Yakubu anayejua zile za Wabeleji peke yake asituchungulie. Nataka tuzungumze habari za tumbo la mtoto wake.

Siku ya Idi nilichinja mbuzi, nikapika wali, sombe ya majani ya muhogo, maharagi na ndizi. Mlikuja, nikashukuru. Ukakaa kwenye mkeka, ukafungua begi mbele ya wageni wangu, ukatoa mkate mweupe uliofungwa kwenye kitambaa, kopo la maziwa matamu na biskuti. Jirani yangu aliniuliza pole pole: "Mutoto huyu iko mugonjwa, ao iko Mubeleji?" Nikajifanya nagawa wali. Baadaye sote tukamsikia Amuri akilia chooni nusu saa nzima, na akatoka kama alivyoingia. Nililigusa tumbo lake, gumu kama ngoma. Kisha mkaenda kulala mtaa wa Mangobo kwa shemeji zako.

Yakubu mwenyewe alinieleza, tena kwa fahari, kwamba mchele wenu unapita kwenye mashini mara mbili mpaka ung'ae, unga unachekechwa mara mbili, na pumba zote wanapewa kuku. Nikaelewa. Wale kuku wawili mlioniletea walinona mpaka kisu kikateleza. Sasa najua chakula cha mwanangu kinakwenda wapi.

Aziza, mimi ni mama yake mkubwa. Ana miaka mitatu na nusu, na hajala hata punje moja kutoka kwenye chungu changu. Niletee, mwezi mmoja tu. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na huyu wako ukichelewa utamkuta amekuwa kabati la mikate.

Dada yako,
Sikujua


Yangambi, 4 Julai 1960

Kwa dada yangu mwenye ulimi,

Salamu zako zimefika, na kuku wamezipokea kwa heshima. Nasi hatujambo. Alhamisi tumepata uhuru. Yakubu alivaa suti na tai, tukasimama juani mbele ya ofisi mpaka bendera ikapanda. Amuri alilala begani kwangu, uhuru ukampita. Baadaye mkubwa wa stesheni ya utafiti wa kilimo akawagawia watoto biskuti, kwa hiyo usinilaumu mimi peke yangu.

Unacheka mchele wetu. Nikukumbushe jambo. Kabla Amuri hajazaliwa, wazungu watatu walikuja kukagua nyumba yetu ili Yakubu apewe ile kadi ya watu waliostaarabika. Walifungua kabati, wakahesabu uma, wakafunua chungu changu. Kulikuwa na sombe. Mmoja akaandika neno kwenye karatasi, na Yakubu hakula siku ile. Kadi aliipata, lakini tangu hapo kila kitu mezani kwetu ni cheupe. Sasa uhuru umekuja na kadi haina kazi tena, ila meno ya mume wangu yameshazoea.

Daktari wa hapa ametupa mafuta ya kumlainisha mtoto, kijiko kila asubuhi. Anakwenda choo mara moja kwa siku tatu, na hulia. Mimi husimama mlangoni nikimsomea Kulhuwallahu.

Habari ya kumleta kwako, si sasa. Mabato ya mtoni yamejaa watu. Tena tumbo la mtoto huyu ni laini, na wewe unajua kwa nini ninaogopa. Tuliache hapo.

Mdogo wako,
Aziza


Kisangani, 28 Agosti 1960

Kwa Aziza, msomaji wa Kur'ani mlangoni pa choo,

Salamu kwenu nyote. Barua yako imekaa njiani karibu miezi miwili. Nasikia ilipanda bato ikashuka, ikapanda tena, kama mke aliyekosana na mume. Augustin, yule karani wa kwenye bato, ndiye aliyeniletea mkononi. Huku wazungu wengi wameondoka na askari wamekuwa wengi. Tunaswali, tunafunga milango mapema, tunaendelea. Mwanafunzi wangu mmoja, Safi, binti wa fundi seremala, amefika sura ya Alam Nashrah na ana miaka minne. Chakula chake ni ndizi, maharagi na kelele.

Maneno ya Mungu, mdogo wangu, si ya kusimama nayo mlangoni pa choo. Msomee Amuri akiwa mbele ya sahani, huko ndiko shida inakoanzia.

Nilimuuliza Mwalimu Nassoro wa msikitini kuhusu unga wenu wa kuchekecha. Alicheka, kisha akanisomea hadithi. Sahaba mmoja, Sahl, aliulizwa kama Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahi kula mkate wa unga mweupe. Akasema Mtume hakuona unga mweupe tangu alipotumwa mpaka alipofariki. Wakamuuliza, shayiri mliilaje bila chekecheo? Akajibu: tuliisaga, tukaipuliza, kilichoruka kikaruka, kilichobaki tukakikanda tukala. Umeona? Mbora wa viumbe alikula pumba, na karani wa Yangambi anazitupa kwa kuku.

Fanya hivi. Mchele utwangwe mara moja tu kwenye kinu, ubaki na wekundu wake. Asubuhi mpe paipai lililoiva kabla ya chochote. Mchana, kijiko kimoja cha maharagi yaliyopondwa. Kijiko, Aziza. Na maji ya kunywa, mengi, yaliyochemshwa. Majani bila maji hufunga tumbo zaidi.

Unasema ninajua kwa nini unaogopa. Nimeusoma mstari ule mara mbili, kisha nimeikunja barua nikaenda kuchambua mchele.

Sikujua


Yangambi, 9 Oktoba 1960

Kwa Dada Sikujua, daktari wa mkekani,

Natumaini bati limeacha kuvuja na Safi hajamaliza juzuu yote. Sisi wazima kiasi. Daktari ameondoka pamoja na familia yake, amefunga dispensari na kumwachia ufunguo mtunza bustani. Mkate umekuwa mdogo, na asubuhi tunausubiri kwenye foleni.

Nimefuata maneno yako. Yaani, nilianza kuyafuata. Siku ya kwanza nilimpa paipai, akalipaka ukutani. Siku ya pili nilijiambia kwamba kama kijiko kimoja cha maharagi ni dawa, bakuli ni dawa kubwa zaidi. Nikamfungia biskuti mpaka akala bakuli zima, nikamwongezea pumba za mchele juu ya uji. Dada, tumbo lilivimba. Mtoto akatoa upepo kwa mlio ambao Yakubu aliufikiri wa bunduki za askari. Alilia mchana kutwa, nami nikalia naye, na baba yake akaenda kukaa chini ya mti wa kakao akisoma gazeti la mwezi uliopita.

Usicheke. Najua unacheka.

Yakubu kwa upande wake amefanya ugunduzi. Mchana anapiga kwa mashini ya kuandikia ripoti za watafiti, na juzi alifika kwenye neno fibres. Akamuuliza yule mtaalamu mmoja aliyebaki maana yake. Yule akamwambia: "Ni zile nyuzi za ndani ya mboga na maganda ya nafaka, ndizo zinazosukuma tumbo lifanye kazi." Mume wangu amekuwa akiandika neno hilo kwa miaka sita. Akarudi nyumbani, akawaangalia kuku kwa muda mrefu.

Lakini maziwa ya kopo sijayaacha. Yanatoka kiwandani yamefungwa, hakuna mkono wa mtu ulioyagusa. Mimi hulala nikijua alichokula.

Aziza


Kisangani, 21 Novemba 1960

Kwa Aziza wa bakuli zima,

Nimecheka mpaka Safi akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Salamu kwa Yakubu na ugunduzi wake, mwambie baba yetu aliujua bila mashini. Hapa hatujambo, ila chumvi imepungua, na sabuni tunaikata kama nyama ya Idi.

Nilisema kijiko. Mtume wetu alitufundisha kwamba mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo lake. Theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Wewe ulimwekea mwanangu theluthi tatu za maharagi, pumzi akaitolea wapi? Ilitokea ilikotokea. Tumbo lililozoea mkate ni kama mtoto anayeanza chuo, halipewi Yasini siku ya kwanza. Ongeza kijiko kila wiki.

Jambo la pili. Unamlisha peke yake mezani, na uma, huku wewe umesimama. Mtoto hali akikaguliwa. Keti naye chini, wekeni sinia moja, na wewe na baba yake mle kile kile. Hata Mtume alikula sinia moja na mtoto, Umar bin Abi Salama, mkono wa mtoto ukazunguka huku na huku, naye akamwambia kwa upole: taja jina la Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Hakumfokea, na wala hakumpikia chakula cha peke yake.

Sasa naacha utani. Mara tatu nimekuomba mtoto kupitia kwa Augustin, na mara tatu bato limejaa. Mabato hayo hayo yanawaleta watu wa Yangambi sokoni kila wiki. Niambie, Aziza. Unaogopa nini kwenye chungu changu?

Dada yako,
Sikujua


Yangambi, 5 Januari 1961

Dada yangu Sikujua,

Amani iwe kwako na kwa wanafunzi wako. Unga wa ngano umekwisha tangu mwezi wa kumi na moja. Kopo la mwisho la maziwa tulilifungua wiki ya Krismasi ya majirani. Serikali ya Leopoldville imeufunga mto, mafuta ya mazuti hakuna, na mashini ya mchele imenyamaza. Kwa hiyo furahi. Uhuru na uasi vimefanya kile ambacho ulimi wako ulishindwa. Nyumbani kwangu kuna kinu, na anayetwanga ni Yakubu, amevaa viatu vya ofisi.

Amuri hataki. Mchele mwekundu anauita mchanga. Anakula ndizi mbili tatu, kisha anafunga mdomo. Leo ni siku ya nne hajakwenda choo. Anajizuia kwa sababu anaogopa maumivu, na kadiri anavyojizuia ndivyo yanavyozidi. Daktari hayupo. Anashika tumbo, anakaa kwenye kona kimya, na mimi najua mtoto akinyamaza ni hatari zaidi ya akilia. Sina mtu wa kumwendea ila wewe, nawe ndiye ninayeshindwa kukuendea.

Uliniuliza bila utani. Nakujibu hivyo hivyo.

Ni Hadidja. Nilikuletea binti yangu akiwa mzima, ana miaka miwili, kwa sababu mimba ya Amuri ilinilaza kitandani. Habari ya msiba iliponifikia, bato lilikuwa limeshaondoka, nikangoja jingine siku tatu. Nilipofika mlikuwa mmeshamzika, kama dini inavyotaka. Sikuuona uso wake. Matangani mwanamke mmoja aliniambia: "Alikulaka sombe na maharagi kwa dada yako mangaribi, asubui akaanza kuhara." Sikukuuliza kitu. Nilikula wali wa matanga, nikarudi zangu.

Tangu siku ile nikikuona unakoroga chungu, moyo wangu unafunga mlango. Nakupenda na ninakulaumu, vyote viwili, na nimechoka kuvibeba. Nikaapa mwanangu hatakula jani wala punje ambayo sijui imepita mikono gani. Jina lake halitajwi humu ndani. Amuri hajui kwamba alikuwa na dada.

Nimelisema. Kama hutaniandikia tena, nitaelewa.

Aziza


Kisangani, 11 Februari 1961

Kwa mdogo wangu Aziza,

Salamu zangu kwako ni zile zile. Barua yako imenifikia jana. Nitakwambia ilikuwa wapi, kisha nitakujibu.

Askari wa bandarini walimpekua Augustin wakaikuta. Walipoona herufi zetu wakasema ni maandishi ya siri ya adui. Augustin wakamweka ndani, barua wakaitia kwenye sanduku, akaachiwa baada ya siku mbili, barua ikabaki. Juzi juzi alikuja sajenti mpya mwenye akili, akamwita Mwalimu Nassoro aisome kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Augustin alikuwepo, ndiye aliyenisimulia.

Mwalimu akasoma salamu, akasoma mashini ya mchele, akafika kwenye siku nne. Sajenti akamkatiza:

"Mutoto haendaka choo siku ine?"

"Ndiyo, chef. Ndivyo mama yake anaandika."

"Wa kwangu iko na siku tano. Donc, dawa yake iko nini?"

Nassoro akamwambia dawa huwa iko kwenye barua ya kujibu, nayo haiwezi kuandikwa kama hii haijafika. Ofisi nzima ikacheka. Kisha, anasema Augustin, Mwalimu akaangalia chini ya ukurasa, akakohoa, akasema: "Bon, chef, iliyobaki iko salamu ya jamaa tu." Akaikunja.

Aliniletea mwenyewe. Hakuketi, na hakunywa kahawa yangu, mtu ambaye hajawahi kuikataa. Nilipoisoma nikaona alipokohoa.

Sasa sikiliza. Sombe alikula. Maharagi alikula. Wanafunzi wangu tisa walikula chungu kile kile, na hakuna aliyeumwa kwa chakula. Ni maji. Wiki ile mvua ilibomoa choo cha jirani, uchafu ukaingia kisimani, nasi hatukujua mpaka mtu wa afya alipokuja kukifunga baada ya maziko. Watoto sita wa mtaa huu walishikwa na kuhara, wawili walikufa, Hadidja na mtoto wa Mama Berthe. Maji yale nilimpa mimi, kwa kikombe changu, mabichi, kwa sababu aliyaomba na kulikuwa na joto. Kwa hiyo lawama yako ilikosea mlango tu, nyumba ni hii hii.

Kwa nini sikukwambia? Matangani ungefikiri najitetea. Baadaye nikaona aibu. Kisha utani ukawa mwepesi kuliko neno lenyewe, nikashika utani. Tangu siku ile sijampa mtoto yeyote maji ambayo hayajachemka. Jirani wananiita Mama Moshi na hawajui sababu.

Hukuuona uso wake, basi nikwambie. Nilimwosha mimi. Uso ulikuwa umetulia, mdomo wazi kidogo upande wa kushoto, kama alivyokuwa akilala. Nywele nilizisuka mafundo matatu nikayalaza nyuma. Lile kovu dogo la kidevuni nililibusu kwa niaba yako.

Kwa Amuri: maji ya uvuguvugu akiamka, kisha paipai. Akimaliza kula mkalishe chooni, miguu yake iwe juu ya jiwe, isining'inie. Mkande tumbo kwa mafuta ya mawese, mkono uzunguke kulia kwenda kushoto. Usisimame mlangoni na uso huo. Mtume alisema mwili wako una haki juu yako. Haki ya mwili wa mtoto iko mikononi mwetu, na mimi niliiangusha mara moja. Nisamehe.

Ramadhani inaingia wiki ijayo. Sikuombi mtoto tena. Niandikie tu kwamba amekwenda choo.

Sikujua


Yangambi, 25 Machi 1961

Kwa Dada Sikujua,

Idi njema iliyopita. Nilinyamaza mwezi mzima, nilifunga chakula na nikafunga barua. Msiba ule wa Februari, wa waziri mkuu wetu aliyeuawa, ulitufikia hata hapa, watu walikaa chini barabarani. Yakubu alivunja kadi yake vipande viwili, kisha akavihifadhi vyote viwili.

Amekwenda choo. Ilikuwa kabla barua yako haijafika, siku ya sita, na sitaki kuikumbuka. Sasa anakwenda kila asubuhi, na baba yake anatangaza kama redio. Tunakaa chini, sinia moja. Sombe bado hagusi, nadhani kwa sababu anaona mkono wangu unavyosita.

Barua yako niliisoma mara moja. Pale pa nywele nimeparudia kila siku ya Ramadhani. Siwezi kukwambia kwamba nimemaliza kulaumu, ningesema uwongo. Lakini sasa nalia kwa sababu ya mtoto wangu, si kwa sababu ya chungu, na kilio hiki kina mwisho.

Yakubu anamleta Amuri na bato la Jumanne. Akae mwezi. Mimi siji, nikija nitakodolea macho kila tonge, na mtoto hula hofu ya mama yake kabla ya chakula. Sikumfungia kitu cha kula njiani ila ndizi. Mpe mnachokula.

Aziza


Kisangani, 16 Aprili 1961

Kwa mama yake Amuri,

Salamu nyingi. Yakubu alilala kwangu siku mbili, akatwanga mchele wangu bila kuombwa na akanifundisha namna ya kushika mtwangio, mimi niliyezaliwa juu ya kinu. Nimemvumilia kwa ajili yako.

Siku ya kwanza mwanao alifunga mdomo. Alisema nyumba yangu inanuka moshi, nikamwambia ni kweli. Siku ya pili vile vile, alikula ndizi tatu na kulalamika mara nne. Sikumbembeleza. Siku ya tatu niliweka sinia mkekani kwa watoto wote wa chuo, wali, maharagi, sombe na samaki. Akakaa pembeni akiangalia. Safi akanyoosha mkono akachukua kipande cha samaki kilichokuwa mbele ya Amuri. "Mama mukubwa, iko naiba samaki yangu," Amuri akanishitakia. Nikamwambia anayekula ndiye mwenye chake. Akasogea, akala kwa hasira, sombe na yote, mkono wa kulia mpaka kwenye kifundo. Asubuhi yake alitoka chooni akawaita wenzake waende kuangalia. Walikwenda wote kumi na saba.

Anakunywa maji yangu pia. Nayachemsha akiona, kisha namwonyesha yakipoa.

Jana nilikosea. Nilikuwa nagawa wali, nimewachoka watoto kwa makelele yao, nikamwita Amuri: "Hadidja, leta bakuli." Sijui jina hilo lilitokea wapi. Nilisimama na mwiko mkononi. Amuri akaniangalia, akasema: "Hadidja iko dada yangu. Mama aliniambia mbele ya kupanda bato." Halafu akauliza: "Alikulaka hapa?"

Nikamwambia ndiyo, hapo hapo ulipokaa wewe.

Akatazama chini kwenye mkeka. Kisha akasogea kidogo, akaacha nafasi, akaendelea kula.

Sikujua